Shajara ya mradi: kupima G6PD kwa namba, siyo kwa "anao" na "hana"

Jumatatu, tunaanza

Mradi umeanza rasmi leo, na nitakuwa naandika kila tukipiga hatua, ili mtu mwingine anayefanya kazi kama hii aone tulipopita na sisi wenyewe tusije tukasahau tuliamua nini na kwa nini. Kazi yenyewe ni hii: mpaka sasa maabara yetu inapima upungufu wa G6PD kwa njia ya doa, unatonesha damu iliyochanganywa na vitendanishi kwenye filta pepa, unaiacha ikauke, unaimulika na taa ya UV, doa liking'aa mtu yuko sawa, lisipong'aa ana upungufu, basi imeisha. Tunataka kuhamia kwenye namba, yaani jibu litoke kama yuniti za kimeng'enya kwa kila gramu ya hemoglobini.

Kwa asiyekifahamu, G6PD ni kimeng'enya ndani ya seli (jina lake refu glukosi-6-fosfati dehidrojenesi) na kazi yake inayotuhusu ni kuzalisha NADPH, molekuli ambayo seli inaitumia kujikinga na uharibifu. Seli nyekundu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo NADPH yake inatoka njia hii tu, haina mlango mwingine, na bila NADPH glutathioni (kinga ya seli dhidi ya sumu kama peroksidi) haiwezi kurudishwa kwenye hali ya kufanya kazi, na glutathioni isipofanya kazi peroksidi zinajaa. Hemoglobini inaharibika inaganda vibonge vidogo vinavyoitwa Heinz, wengu unavinyofoa, seli zinapasuka, macho yanakuwa manjano mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Vinavyoamsha hali hiyo ni baadhi ya dawa kama primakwini na tafenokwini za malaria, dapsoni, rasburikesi na methilini bluu, halafu maambukizi, na maharage ya fava. Bila kichochezi wengi wanaishi maisha yao yote hawajui kama wanao huo upungufu, na inakadiriwa duniani wako zaidi ya milioni 400.

Sasa kwa nini namba. Sababu kubwa ni wanawake. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X, mwanaume anayo X moja tu kwa hiyo kwake mambo ni wazi, ama kimeng'enya kipo ama hakipo. Mwanamke ana X mbili na kwenye kila seli moja inazimwa, ambayo inazimwa ni bahati tu, kwa hiyo aliyerithi jeni moja nzuri na moja mbovu damu yake inakuwa kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili, seli zenye kimeng'enya na seli zisizo nacho pamoja kwenye mshipa mmoja. Mary Lyon alitoa wazo hilo la X kuzimwa mwaka 1961 akitumia panya, na mwaka uliofuata Beutler na wenzake wakalionyesha kwa binadamu, na walilionyesha kwa kutumia hii hii G6PD. Doa la UV halimuoni huyo mwanamke. Linamkamata mtu aliye chini ya kama 30% ya kawaida, akiwa na 45% linang'aa vizuri tu na karatasi ya majibu inasema yuko sawa, akipewa tafenokwini zile seli zake zisizo na kimeng'enya zinaweza kupasuka kwa wingi. Hilo ndo linanisukuma mimi kwenye huu mradi, sitaki karatasi yenye muhuri wetu iendelee kumwambia mwanamke wa hivyo kwamba yuko salama wakati kipimo chenyewe hakikuwa na uwezo wa kujua.

Alhamisi, sampuli kwanza

Wiki hii hatujagusa mashine, tumeshughulika na damu inavyofika. Tumekubaliana tyubu ya zambarau yenye EDTA (ya kuzuia damu isigande), ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, ipimwe ndani ya siku saba, na isigandishwe kabisa kwenye friza maana ikiwa barafu seli zinapasuka na kimeng'enya kinashuka. Damu ikishapasuliwa kwa ajili ya kupima (yaani seli zake zimepasuliwa kimeng'enya kitoke) haisubiri kitu, inapimwa muda ule ule, haiachwi kwenye meza mtu akaenda kunywa maji.

Jambo la seli nyeupe limeleta mjadala. Seli nyeupe zina G6PD nyingi sana kuliko nyekundu, na kwa mtu mwenye damu ya kawaida haileti shida kubwa kwa sababu nyekundu ni nyingi mno, ila kwa mwenye upungufu wa damu au mwenye seli nyeupe zilizopanda zinaweza kuinua jibu mpaka mtu aliye chini akaonekana wa katikati. Mwenzangu wa zamu ya jioni alisema tuzitoe kwenye kila sampuli, zungusha kwenye sentrifyuji, nyonya ile tabaka nyeupe ya katikati, osha seli na chumvi. Kisayansi yuko sahihi ila ukinyonya ile tabaka unaondoka pia na seli nyekundu changa zinazokaa juu juu, ambazo nazo zina kimeng'enya kingi, kwa hiyo unabadilisha kitu kingine bila kujua, na kazi inakuwa ndefu kiasi kwamba siku sampuli ni nyingi mtu ataruka hatua. Tumeamua hivi: kila sampuli ya G6PD inakuja na picha kamili ya damu, seli nyeupe zikiwa juu ya kawaida au hemoglobini ikiwa chini ndo tunatoa ile tabaka, vinginevyo damu nzima.

Jumanne, spektrofotomita

Leo ndo tumewasha mashine, spektrofotomita, inayopima mwanga kiasi gani unafyonzwa na kimiminika. Kanuni yenyewe ni nzuri sana mpaka inapendeza kuieleza: unaweka glukosi-6-fosfati na NADP kwenye bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi), unatia damu iliyopasuliwa, kimeng'enya kinageuza NADP kuwa NADPH, na NADPH inafyonza mwanga wa nanomita 340 wakati NADP haiufyonzi. Kwa hiyo unakaa unaangalia ufyonzaji unavyopanda kila dakika, ukipanda haraka kimeng'enya ni kingi, ukipanda taratibu ni kidogo. Hakuna rangi ya kukisia wala jicho la mtu aliyechoka.

Hesabu naiweka hapa maana wanafunzi wanaopita maabara huwa wanaiogopa bure. NADPH ya milimola moja kwa lita inafyonza 6.22 kwenye kyuveti (kichupa cha kupimia) ya sentimita moja. Tuseme ufyonzaji umepanda 0.0311 kwa dakika, ugawe kwa 6.22 unapata 0.005, na kama mchanganyiko wote ni mililita moja basi una yuniti 0.005 kwenye kyuveti. Umetia mikrolita 100 za damu iliyochanganywa moja kwa ishirini, ambazo ni sawa na mikrolita 5 za damu halisi, na hemoglobini ya mtu ni gramu 140 kwa lita, hivyo ndani ya kyuveti kuna gramu 0.0007 za hemoglobini. Gawa 0.005 kwa 0.0007, unapata kama 7.1 kwa gramu. Basi ndo hiyo.

Na hapo unaona kwa nini hemoglobini lazima ipimwe kwenye damu ile ile siku ile ile. Huyo huyo mtu angekuwa na hemoglobini ya 70 halafu sisi tukatumia 140 ya kukariri, jibu lingetoka nusu ya ukweli, na mtu mzima kabisa angeandikiwa upungufu. Nimeona fomu za sehemu nyingine zinazoripoti kwa mililita ya damu tu bila hemoglobini na kusema kweli hazinipi amani.

Kitu kilichotusumbua leo ni joto. Kimeng'enya kinafanya kazi haraka kadiri joto linavyopanda, na kishikio cha kyuveti cha mashine yetu kinachukua muda mrefu kutulia kuliko kioo cha mashine kinavyodai, kioo kinasema nyuzi 37 lakini ukitumbukiza kipimajoto kwenye kyuveti yenyewe bado iko chini. Ndo maana marudio ya kwanza ya asubuhi yalikuwa yanatoka chini kuliko ya baadae kwa sampuli hiyo hiyo. Suluhisho: bafa inapashwa kwenye maji ya moto kabla, kyuveti inakaa kwenye kishikio mpaka kipimajoto kithibitishe, dakika za mwanzo za kila kipimo hazihesabiwi, tunahesabu pale mstari uliponyooka tu. Na joto lililotumika linaandikwa kwenye jibu, maana namba ya nyuzi 30 na ya nyuzi 37 ni vitu viwili tofauti, hazilinganishwi hivi hivi.

Kingine kwa atakayefuata njia hii, kuna kimeng'enya cha pili kinachofuata kwenye mnyororo, 6PGD, nacho kinatengeneza NADPH kutokana na zao la hiki cha kwanza. Usipokizuia unahesabu kazi ya wawili unampa sifa mmoja, na madhara yake ni mabaya zaidi kwa wenye kiwango kidogo. Vitendanishi vyetu vina maleimide ya kukizuia. Usipokuwa nayo pima jumla ya vyote viwili, kisha pima 6PGD peke yake, toa.

Ijumaa, kuchanganya damu

Siku niliyokuwa naisubiri. Tunahitaji kujua mashine yetu inaonaje mtu wa katikati, lakini wanawake wa katikati hatujawahi kuwatambua kwa sababu kipimo cha zamani hakikuwaona, kwa hiyo tukawatengeneza. Mwanaume mmoja mwenye upungufu na mwingine mzima, kundi moja la damu, wote wametoa ridhaa, seli zao zikaoshwa, hemoglobini ikasawazishwa, halafu tukachanganya kwa viwango: zote za mwenye upungufu, robo ya mzima, nusu, robo tatu, zote za mzima. Hii inafanana na damu ya mwanamke mwenye X mbili tofauti kuliko kontroli yoyote ya kununua (sampuli ambayo jibu lake linajulikana tayari), kwa sababu ni kweli seli mbili za aina mbili, siyo kimeng'enya kilichopunguzwa kwa maji.

Namba zilipanda kwa mstari ulionyooka kuanzia chini mpaka juu, kila mchanganyiko mahali pake. Halafu tukachukua michanganyiko ile ile tukaiweka kwenye doa. Yule wa chini kabisa giza, sawa. Robo ya mzima, mng'ao hafifu, wasomaji wetu hawakukubaliana, mmoja kasema unang'aa mwingine kasema hapana. Nusu kwa nusu iling'aa na kila mtu aliyeangalia bila kujua ni ipi aliandika "kawaida". Nusu ya seli hazina kimeng'enya na karatasi inasema kawaida! Nilijua ingekuwa hivyo, imeandikwa kila mahali, ila kuiona kwenye meza yetu na kwa macho ya wenzangu ambao wamesoma maelfu ya madoa ni kitu kingine, na tangu leo hakuna anayeuliza tena kwa nini tunahangaika na spektrofotomita.

Nikawa nawaza wale wa mwanzo. Miaka ya 1950 kule Illinois, Marekani, kwenye gereza la Stateville, Alving na kundi lake walikuwa wanajaribu primakwini kwa wafungwa waliojitolea, wakaona baadhi yao damu inavunjika. Wakachukua seli za aliyeathirika wakazitia alama ya kromiamu 51, yenye mionzi ili waweze kuzifuatilia, wakamwongezea mtu asiyeathirika, akapewa primakwini, seli za kuongezewa zikafa na zake mwenyewe zikabaki. Wakafanya na kinyume chake, seli za mzima ndani ya aliyeathirika zikasalimika. Kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani ya seli yenyewe siyo mwilini kwingine, na mwaka 1956 Carson na wenzake wakakitaja kimeng'enya chenyewe. Naheshimu sana ile akili ya kuchanganya seli za watu wawili ili kujua kosa liko wapi, japo mfungwa "kujitolea" ni neno ambalo leo kamati ya maadili isingelipitisha kirahisi, na ni vizuri isipitishe.

Jumatano, kutafuta asilimia mia yetu

Watu wanauliza kawaida ni ngapi, wanataka namba moja ya kubandika ukutani. Haipo. Inategemea vitendanishi, joto, mashine, na watu unaowapima, kwa hiyo kila maabara inatafuta yake. Njia inayokubalika ni ya mediani ya wanaume (mediani ni namba ya katikati ukizipanga zote kutoka ndogo mpaka kubwa): unapima wanaume ambao hawajachaguliwa kwa sababu ya ugonjwa, unatafuta mediani, unaondoa wote walio na 10% ya hiyo mediani au chini yake maana hao ni wenye upungufu wazi, unatafuta mediani upya kwa waliobaki na hiyo ndo asilimia mia. Wanaume kwa sababu kwao hakuna wa katikati wa kuchafua hesabu.

Ukishaipata kila kitu kinafuata. Mfano mediani ikiwa 8.0 basi 30% ni 2.4 na 70% ni 5.6, chini ya 2.4 ana upungufu, kati hapo ni wa katikati, 5.6 kwenda juu anaweza kupewa hata tafenokwini. Hiyo 70% haikuchaguliwa hovyo, tafenokwini dozi yake ni moja na inakaa mwilini muda mrefu, ukishameza huwezi kuitoa. Primakwini ya kila siku angalau unaweza kuisimamisha ukiona dalili. Na ile dozi moja ndogo ya primakwini ya miligramu 0.25 kwa kilo, inayotolewa kwa malaria ya falsiparamu ili isiendelee kusambaa, WHO inaruhusu itolewe bila kipimo hiki, nalisema hili kwa sababu kuna wodi walikuwa wanachelewesha wagonjwa kusubiri majibu yetu bila sababu.

Tumepima pia baadhi ya sampuli hizo kwa kile kipima kidogo cha mkononi cha SD Biosensor, tone la damu ya kidole, dakika mbili, kinatoa hemoglobini na G6PD pamoja. Chenyewe mipaka yake imeshawekwa na mtengenezaji, 4.0 kwenda chini upungufu, 6.1 kwenda juu kawaida, kwa hiyo huwezi kuchukua namba yake ukaisoma kwa mediani ya spektrofotomita wala kinyume chake. Kwa mpangilio wa nani yuko juu nani yuko chini viwili vinakubaliana, na kwa vituo vya mbali visivyo na mashine kubwa mimi nakiunga mkono kabisa.

Jumatatu, jibu la kawaida lililonitia wasiwasi

Imeletwa sampuli ya kijana wa kiume, fomu inasema mkojo mweusi na manjano baada ya dawa, daktari anashuku G6PD. Jibu letu: kawaida, juu kidogo tu ya mstari wa chini wa kawaida. Mashine sawa, kontroli sawa, marudio sawa.

Nikaomba retikulosaiti (seli nyekundu changa) zihesabiwe na filamu ya damu (damu iliyopakwa kwenye kioo) itazamwe kwa hadubini. Retikulosaiti ziko juu sana, kwenye filamu kuna seli zilizomegwa pembeni kama zimeng'atwa. Kinachotokea ni hivi: kimeng'enya cha hawa watu kinazeeka haraka pamoja na seli, hasa aina ya A- ambayo ndo inaonekana sana kwa watu wenye asili ya Afrika, seli changa zinakuwa nacho cha kutosha ila kuukuu hazina. Dawa imekuja imeua zile kuukuu zote, uboho umekimbiza changa kujaza nafasi, na sisi tumepima changa. Damu iliyobaki ni damu iliyochujwa.

Tumeandika kwenye jibu kwamba namba hii haiondoi upungufu, na kwamba arudi kupimwa baada ya miezi mitatu hivi, seli zikishapata muda wa kuzeeka tena, maana seli nyekundu kwa kawaida inaishi siku 120 hivi. Aliyeongezewa damu naye ni hivyo hivyo, miezi mitatu, vinginevyo unapima G6PD ya mchangiaji. Nimempigia daktari mwenyewe, maana karatasi inasomwa neno "kawaida" na mengine yanarukwa, akasema kijana alikuwa ameshaambiwa dawa ile haina shida naye. Ameenda kumtafuta kabla hajaruhusiwa. Wanasema kuna njia ya kuangalia jeni yenyewe, mabadiliko kama 202A kwa A- au 563T kwa ile ya Mediterania, na kwa mtu kama huyu ingesaidia leo leo bila kusubiri, ila jeni inakuambia alichorithi tu, haikuambii mwanamke fulani ana seli ngapi za kila aina, kwa hiyo kwetu itakuja kama nyongeza siyo mbadala.

Ijumaa, fomu mpya

Fomu ya kuomba kipimo sasa ina maswali ambayo lazima yajazwe: jinsia, umri, kaongezewa damu lini, kavunjika damu karibuni au la, dawa gani inakusudiwa. Fomu ya majibu ina namba, asilimia ya mediani yetu, joto, hemoglobini, na sentensi moja kwa lugha ya kawaida. Neno "hasi" na "chanya" nimeomba yafutwe kabisa, maana wengine walikuwa wanaelewa "chanya" ana kimeng'enya na wengine ana upungufu, na hiyo ni hatari ya kuua mtu. Kwa mwanamke wa kati ya 30 na 70 tunaandika "kiwango cha katikati, sehemu ya seli zake zinaweza kuvunjika, tafenokwini hapana, primakwini kwa uangalizi wa daktari".

Doa la UV hatulitupi. Kwa wanaume lina kazi nzuri, ni rahisi, na umeme ukisumbua spektrofotomita ndo litabaki. Ila kwa mwanamke kuanzia Jumatatu halitatoka peke yake kama jibu la mwisho.

Kilichobaki ni watoto wachanga. Wana G6PD ya juu kuliko watu wazima kwa hiyo mediani ya wanaume haiwafai, wakipimwa nayo mtoto wa katikati atapita kama mzima, na kwao hatari siyo dawa peke yake, ni manjano yanayoweza kupanda mpaka ubongo ukaumia. Tunaongea na wodi ya wazazi kuhusu kutumia damu ya kitovu inayobaki, kwa ridhaa ya mama. Wakikubali tunaanza kutafuta mediani ya wachanga peke yao na nitaandika hapa.